Sinema zilipofungwa, akina mama walirudi ndani

Ukikaa na wanaume wa rika langu waliokulia Dar es Salaam, mazungumzo yakagusa sinema za zamani, hayachelewi kushika moto. Mmoja atataja Avalon, mwingine Odeon, wa tatu atasema nyote hamjui kitu kama hamkuwahi kuingia Empress siku ya sikukuu. Itakuja habari ya walanguzi waliokuwa wakizoa tiketi asubuhi na kuziuza jioni kwa bei ya kuruka. Itakuja habari ya Bruce Lee, na vijana waliotoka ukumbini wakirusha mateke hewani njia nzima mpaka Kariakoo. Itakuja ile kanuni kwamba stelingi, yule mhusika mkuu, hafi. Nimeyasikia masimulizi hayo mara nyingi na sijayachoka, maana na mimi nilikuwemo.

Lakini kuna jambo limeanza kunikera. Katika habari zote hizo mwanamke huonekana mara moja tu, naye ni yule msichana aliyepelekwa sinema na kijana aliyeazima shati. Mama zetu hawamo. Dada zetu hawamo. Na hali mimi, mara yangu ya kwanza kuingia sinema, nilishikwa mkono na mama. Wengi wa hao rafiki zangu nao walipelekwa na mama zao, au shangazi, au dada mkubwa aliyekuwa anatafuta mtoto wa kutoka naye ili asiulizwe anakwenda wapi.

Nimefikia kuamini kwamba tunazililia sinema kwa jicho la upande mmoja, na ndiyo maana hatujaelewa sawasawa tulichopoteza. Waliopoteza zaidi ni wanawake. Mwanamume sinema ilipofungwa alibaki na kijiwe, baraza, baa, uwanja wa mpira, na baadaye kibanda cha video. Mke wake alipotoka pale hakuwa na pengine pa kwenda jioni bila kuulizwa.

Shangazi yangu wa Unguja ana miaka iliyopita 80. Nilipomwendea mwaka jana nikamwuliza habari za sinema ya Majestic ya pale Vuga, sikulazimika kuuliza mara ya pili. Hakuanza na picha. Alianza na nguo. Alinieleza namna walivyokuwa wakichemsha maji mapema, wakafukiza udi, wakafunga vikuba vya asumini, wakavaa gauni jipya ambalo lingefunikwa na buibui njia nzima. Onyesho la wanawake watupu, zanana kama lilivyoitwa, lilikuwa la alasiri. Bibi mmoja wa mtaani mwao, aliyeaminiwa na wazazi wote, alipita nyumba kwa nyumba akikusanya mabinti na wake wachanga, kisha msafara ukaondoka, watu wawili wawili, hadi mlangoni.

"Tukishaingia na mlango ukafungwa," aliniambia, "buibui linashuka mapajani. Ndipo sinema inapoanza, mwanangu. Taa hazijazimwa, lakini sinema imeshaanza."

Kwa sababu kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake. Nani kaja na gauni la namna gani, nani ana mimba, nani kaolewa juzi akanenepa, nani hakuonekana mwezi mzima na leo kaja. Watoto wachanga walinyonyeshwa bila mtu kujifunika. Njugu zilipita kwenye vifuko vya karatasi za gazeti kutoka safu hadi safu. Taa zikizimwa, na picha ikifika mahali pa huzuni, walilia kwa sauti, kilio cha watu mia kadhaa kwa pamoja, na hakuna mume wala kaka wa kuuliza kulikoni. Kihindi hawakukijua wengi wao. Aliyejua kidogo aliwatafsiria walio karibu, na ambaye hakutafsiriwa alisoma nyuso, na nyimbo hazikuhitaji mkalimani. Kesho yake fundi wa cherehani angeletewa mchoro wa mkono wa gauni uliochorwa kwa kukumbuka tu, na angeambiwa: hivi hivi, usipunguze.

Niliondoka kwa shangazi nikiwa nimeandika kurasa nne, na katika hizo nne hakuna jina la picha hata moja. Hakuyakumbuka. Aliyemkumbuka ni mwanamke aliyekaa kiti cha kushoto.

Historia ya jengo lenyewe inajulikana. Mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla alijenga pale Vuga jumba lililoitwa Royal, lililofunguliwa mwaka 1921. Baadaye likapewa jina la Majestic, likaungua moto mwanzoni mwa miaka ya 1950, na jengo jipya likafunguliwa mwaka 1955. Shangazi alikuwa binti mdogo wakati huo. Mji wa Unguja, mdogo vile ulivyo, ulikuwa na Majestic, Empire ya Darajani, Sultana, na baadaye Cine Afrique ya upande wa Malindi. Bara nako miji haikubaki nyuma: Tanga walikuwa na Majestic yao, Moshi Plaza, Arusha Metropole, Mwanza Tivoli na Liberty. Wakati huo mfanyakazi wa bandarini na karani wa benki waliona picha moja usiku mmoja, tofauti ikiwa ni bei ya kiti na umbali wa shingo kutoka kwenye pazia.

Naomba nisimame kidogo kwenye jambo ambalo watu wa mjini wenye umri mkubwa watalikumbuka. Picha ilipokuwa kali, mkanda ulikuwa mmoja na kumbi mbili zinautaka usiku ule ule. Basi ukumbi wa kwanza ulianza mapema kidogo. Kopo la kwanza la mkanda likimaliza, kijana analitia kwenye mfuko nyuma ya baiskeli na kukimbia nalo ukumbi wa pili, ambako watu wameshakaa na opereta ameshatia vijiti vya kaboni kwenye taa ya mashine. Kisha anarudi kuchukua la pili. Namna hiyo usiku kucha, katikati ya vichochoro, mvua au pasipo mvua. Akichelewa, pazia linakuwa jeupe na ukumbi unavuma miguu na miluzi. Ninalitaja hili kwa sababu linaonyesha saa. Mji mzima ulikuwa umepangwa kwa saa za sinema: saa ya kupika, saa ya kufunga duka, saa ya kupita mwenye baiskeli. Mwanamke alijua saa ngapi ni halali yake kuwa barabarani, na mtaa nao ulijua.

Upande wa Dar es Salaam, kilichotoa familia ndani kuliko vyote ni Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966. Aliyezaliwa juzi anahitaji kuelezwa: ni uwanja mkubwa wa wazi, pazia lake kubwa kama ubavu wa ghorofa, na ardhi imeinuliwa matuta matuta ili gari likipanda pua iangalie juu. Kila nafasi ina nguzo, na kwenye nguzo kuna spika ndogo ya chuma yenye waya. Unaichukua, unaitundika kwenye kioo cha mlango, sauti inaingia ndani ya gari lako.

Baba yangu mdogo alikuwa na pikapu ya kazi. Jumapili ya picha ya Kihindi tuliswaki tukavishwa nguo za kulalia tukiwa bado nyumbani, kwa sababu ilijulikana tungerudi tumebebwa. Nyuma ulitandikwa mkeka na godoro la mtoto. Mama alikuja na sufuria ya pilau iliyofungwa kwenye kanga ili isipoe, chupa ya chai, na vikombe vya bati. Pikapu iligeuzwa kinyumenyume ili nyuma itazame pazia, na spika ikatundikwa ubavuni, karibu na sikio la mama. Hilo nalikumbuka vizuri, kwamba spika ilikuwa yake. Mwanamume akitaka kusikia zaidi alisogea yeye. Wakati wa mapumziko mama alishuka, akapita gari la pili na la tatu kusalimia, akarudi na habari za mtaa wa watu na kipande cha mkate wa kumimina kutoka kwa jirani ambaye hajawahi kumwona tena maishani. Uwanja ulikuwa wa umma kabisa na wakati huo huo kila familia imo uani kwake.

Simwambii mtu kwamba ilikuwa Peponi. Gari lilikuwa kitu cha wachache, na wengi walioiona Drive-In waliiona kwa kudandia la mtu mwingine, kama sisi, au kwa kusimama nje ya uzio wakiangalia midomo inacheza bila sauti. Kwenye kumbi za ndani bei ya balkoni na bei ya viti vya mbele zilimwambia kila mtu yeye ni nani. Kenya ya wakoloni ilikuwa mbaya zaidi, maana bodi ya udhibiti iliweza kuipitisha picha kwa watu wa rangi moja na kuizuia kwa Mwafrika, kana kwamba macho yetu yaliumbwa tofauti. Anayeikumbuka sinema aikumbuke na hayo.

Sasa tuje kwenye kifo chake. Jibu la haraka ambalo kila mtu analo mdomoni ni kwamba video na televisheni ziliua sinema. Kwa Tanzania Bara jibu hilo halikamiliki. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Bara tuliipata mwaka 1994. Kufikia hapo kumbi nyingi zilikuwa zimeshachoka: viti vimetoboka, mashine zinakosa vipuri, mkanda umekatika na kuungwa hata mhusika anaingia mlango mmoja na kutokea nchi nyingine. Nani alifanya hivyo? Si televisheni ambayo haikuwepo.

Kulikuwa na maamuzi. Zanzibar kumbi zilichukuliwa na serikali baada ya Mapinduzi. Bara, mwaka 1971 sheria ya kutwaa majumba ilihamishia majengo mengi makubwa ya kupangisha mikononi mwa Msajili wa Majumba, na mwenye sinema aliyekumbwa na hilo akawa mpangaji wa jengo alilolijenga mwenyewe. Mpangaji hatengenezi paa la mwenye nyumba. Uingizaji wa picha kutoka nje ulikabidhiwa shirika la umma, Tanzania Film Company, na ilipofika miaka ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni za kununulia dawa, sembuse mikanda ya Bombay na Hong Kong. Kodi ya burudani nayo ikakaa juu ya tiketi. Sisemi kila uamuzi ulikuwa wa uovu. Mengi yalikuwa na sababu zake, na wako watu ambao kutaifishwa kwa majumba kuliwapa paa. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekaa mezani akauliza: mama wa Jumapili ataathirikaje?

Chukua mfano mmoja ulio wazi. Baada ya mafuta kupanda bei duniani, serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana, na amri hiyo wengi wetu tuliishi nayo hadi miaka ya 1980. Kama hatua ya kubana mafuta, inaeleweka. Lakini Jumapili jioni ndiyo iliyokuwa siku ya Drive-In. Ndiyo siku ya pilau na mkeka. Familia iliyozoea kutoka mara mbili kwa mwezi ilijikuta inakaa barazani, na baada ya muda ikazoea. Wanaume walitembea kwa miguu hadi klabu. Mama hakuwa na namna ya kutembea kwa miguu mpaka Msasani usiku na watoto wanne.

Uwanja ule leo ni eneo la ubalozi wa Marekani. Ubalozi wa zamani ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, na mpya, uliofunguliwa mwaka 2003, ukajengwa pale yalipokuwa matuta. Ni mahali penye ulinzi mkali pengine kuliko pote jijini. Kila nikipita Barabara ya Bagamoyo ya zamani huwa najaribu kukadiria pikapu yetu ilikuwa inasimama sehemu gani, na sipati. Darajani, Empire imekuwa duka kubwa la vyakula. Cine Afrique imekuwa maduka. Nairobi majina yamebaki midomoni mwa makondakta wa matatu: utashushwa Odeon, utashushwa Globe, Bellevue, utashushwa Drive-In ya Thika Road, na kijana anayeita majina hayo siku nzima hajawahi kuona hata kimojawapo kikiwaka.

Ni kweli kwamba picha hazikuisha. Zilihama. Vikaja vibanda vya video, vile tunavyoviita vibanda umiza, vya mabanzi na maturubai, viti vya mabenchi na joto la kukamua. Ninaviheshimu sana. Ni humo ilimozaliwa sanaa ya kutafsiri picha papo kwa papo, na sauti ya marehemu Lufufu, Derek Gaspar Mukandala, ikaifanya mitaa yetu iwasikie wahusika wa Hong Kong wakisema Kiswahili cha uswahilini. Yule alikuwa msanii kamili. Lakini simama mlangoni pa kibanda umiza chochote jioni uhesabu wanaotoka. Wavulana. Vijana. Mzee mmoja mmoja. Mama mwenye heshima zake hakai kwenye benchi lile, na binti akionekana akitoka humo saa 3 usiku mtaa mzima utakuwa na la kusema.

Upande wa pili wa mji zikaja kumbi za kisasa ndani ya maduka makubwa, kama ile ya Mlimani City. Kiti laini, kiyoyozi, sauti safi. Humo mwanamke anaingia bila neno. Bei yake na nauli ya kurudi usiku ndizo zinazomchagua ni mwanamke gani. Muuza vitumbua wa Mbagala mwenye watoto watatu hafiki pale.

Kuna hoja moja ninayoipa uzito. Dada mmoja ninayefanya naye kazi, mdogo wangu kwa miaka 20, aliniambia kwamba ninawahurumia wanawake bure. Video ilipoingia majumbani, alisema, mama yake ndipo alipopata uhuru: aliangalia anachotaka, wakati anaotaka, bila kuomba ruhusa ya kutoka. Majirani walijaa sebuleni kwao. Sasa ana simu, ana tamthilia za Kituruki na za Kifilipino, hakosi kitu. Nikamwuliza majirani bado wanakuja? Akafikiri. Akasema hapana, kila mtu ana yake. Halafu akaongeza, bila mimi kumsukuma, kwamba mama yake hutazama sebule ile ile anayopigia hesabu za chakula na kupangia nguo za kufua, na kila baada ya dakika kumi anaitwa. Kuangalia anaangalia. Kutoka hatoki.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Sinema ilikuwa sababu inayokubalika ya kutoka. Baba mkali zaidi wa mtaa alijua kwamba Jumapili, au alasiri ya zanana, mkewe na mabinti zake wataondoka, watakuwa pamoja na wenzao, watarudi saa fulani. Ilikuwa ratiba, na ratiba ina nguvu kuliko ruhusa. Ruhusa huombwa kila mara na hunyimwa kila mara. Ratiba ikishazoeleka hakuna anayeombwa.

Ndiyo maana nina wasiwasi na namna tunavyofanya uhifadhi wetu. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na tumejifunza kupenda kuta, milango, nakshi na balkoni. Ni jambo jema, na mwisho wa 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, lile jumba la kihistoria la Mji Mkongwe, ilipoporomoka tuliona gharama ya kuchelewa. Majestic nayo ilifika mahali paa likaondoka, mtu akasimama ndani akaona mbingu pale palipokuwa na feni. Kuna watu wenye moyo wanaopigania jengo lile lifufuke, nami niko nyuma yao. Natamani kuliona limesimama.

Lakini ukuta uliopakwa rangi upya hautamrudisha mwanamke wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, kwenye kiti chake. Ukumbi mzuri wenye mkahawa wa wageni mbele na onyesho la saa 2 usiku kwa bei ya mtalii utakuwa kaburi lililopambwa la kitu kile kile tunachodai kukihifadhi. Katika urithi wa Majestic, ratiba ni sehemu ya jengo. Zanana ni sehemu ya jengo. Bei ya kiti cha mbele ni sehemu ya jengo. Wanaochora ramani za ukarabati wakae na wanawake wa Vuga, Mkunazini, Kikwajuni na Michenzani, wawaulize maswali ya kawaida kabisa: mnamaliza kupika saa ngapi, watoto mtawaacha na nani au mtakuja nao, daladala ya mwisho inaondoka lini, vyoo mnataka viwe wapi. Opereta wa zamani waliyajua majibu hayo bila kuandikiwa ripoti, maana wasingeyajua ukumbi ungebaki mtupu.

Na kwamba hamu ipo, ipo. ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, ambalo lilianza kuonyesha picha mwaka 1998, limewahi kupeleka pazia mashamba na vijijini, Unguja na Pemba. Niliwahi kukaa kwenye onyesho moja la namna hiyo, kwenye uwanja wa skuli. Jua halijazama, mikeka ya mbele ilikuwa imeshajaa wanawake. Walikuja na watoto, na vibuyu vya maji, na mihogo ya kuchemsha kwenye ungo. Mashine ilipata hitilafu na picha ikakatika kwa karibu nusu saa. Hakuna aliyeondoka. Sauti ya mazungumzo ilipanda tu, kicheko kikaanzia kona moja kikahamia nyingine, na fundi akihangaika na waya hakupigiwa hata mluzi.

Nilipomaliza kuandika kurasa zangu nne kwa shangazi, nikamwambia kwamba kuna mipango ya kuifufua Majestic, na Mungu akipenda huenda ikafunguliwa tena. Nilidhani atauliza nani anaifufua, au wataonyesha picha gani. Alikuwa anachambua mchele, sinia mapajani. Mkono ukasimama.

"Zanana watalirudisha siku gani?"

Nikamwambia hilo sijasikia likitajwa.

"Basi waulize," akasema, na akarudi kwenye mchele wake. "Waulize mapema, nipate kujua nani bado yuko hai wa kwenda naye."